Hong Kong 1941: koloni lililojulikana kuwa halilindiki

Kabla ya Japani kuishambulia Hong Kong tarehe 8 Disemba 1941, wakuu wa majeshi mjini London walikuwa wamekwisha kukiri kwamba koloni hilo halingeweza kuokolewa. Mji jirani wa Guangzhou ulikuwa mikononi mwa Wajapani tangu 1938, na jeshi la anga la Uingereza lilikuwa na ndege tano tu hapo, tena kuukuu.

Mwezi Januari 1941 Waziri Mkuu Winston Churchill alikataa kuongeza askari, akiona hakuna hata chembe ya matumaini. Lililotakiwa ni kumchelewesha adui, si kumshinda.

Msimamo huo haukudumu. Meja Jenerali Arthur Grasett, mzaliwa wa Canada aliyekuwa kamanda wa koloni hilo, alishawishi kwamba batalioni mbili zaidi zingerefusha ulinzi. Canada ikapeleka askari karibu 2,000, waliowasili tarehe 16 Novemba. Magari yao hayakufika kamwe.

Kwa nguvu hiyo mpya, Meja Jenerali Christopher Maltby alifufua safu ya ngome za upande wa bara, iitwayo Gin Drinkers Line, ambayo wapangaji walikuwa wameitupa 1938. Ilitarajiwa kuhimili wiki nzima au zaidi. Boma lake muhimu la Shing Mun, lililolindwa na askari wasiofika 50, lilitekwa kwa usiku mmoja.

Hong Kong ilisalimu amri siku ya Krismasi. Wacanada zaidi ya 550 hawakurejea kwao, karibu nusu yao wakiwa wamefia utekani.