Uta Uliopigwa Msasa

Sisi wa pwani uta tumeujua kwa Liyongo kabla ya kuujua kwa macho. Katika utenzi wa Muhamadi Kijumwa wa mwaka 1913, shujaa anakufa kisimani amepiga goti, mshale u tayari utani, na watu wa mji wanabaki na kiu wasithubutu kumkaribia. Maneno ya silaha hiyo bado tunayo: upote, wano, chembe, podo. Silaha yenyewe imetutoka mikononi.

Mimi niliishika Karatu. Ukiteremka kutoka mji ule ulio chini ya misitu ya Ngorongoro, ukapita mashamba ya vitunguu ya Mang'ola, unafika Ziwa Eyasi, nchi ya Wahadzabe, ambao mpaka leo wamo wawindao kwa uta. Uta wao ni fito moja ndefu, aghalabu ya mti wauitao mutateko, ama ya mkole. Upote ni kano za mnyama. Chuma walikipata kwa Wadatoga kwa kubadilishana na nyama na asali. Siku hizi hufua misumari.

Niliouziwa sokoni ulikuwa mweusi kwa moshi na mafuta. Nilipoufikisha nyumbani nikauonea haya, nikatafuta msasa na vanishi. (Msasa, tusisahau, ni mti, majani yake ndiyo mafundi wetu waliyolainishia mbao kabla ya karatasi za dukani.) Nikasugua kiasi cha shubiri mbili, ukatokea mti mweupe. Pale katikati palikuwa pamezama kidogo, pameng'aa kwa kiganja cha mtu aliyeukamata miaka na miaka. Sasa pako sawa na kwengineko.

Baadaye ndipo nilipomsoma James Woodburn, aliyeishi na Wahadzabe. Katika makala yake ya mwaka 1982 anaeleza kamari yao ya kurusha vibapa vya magome: mishale ya sumu huwekwa rehani, lakini uta wa kuwindia hauwekwi. Nami nilikuwa nimeununua kwa fedha, na nikapunguza bei.

Kumbe nilikosea hata kwa hesabu ya useremala. Uta uvutwapo, upande wa nje hutanuka, na nyuzi za mti ndizo zinazoubeba mvuto. Msasa ukizikata, ufa huanzia hapo. Vanishi nayo hufunika masizi na mafuta, ambayo ndiyo rangi yake ya haki. Uta wa kale hupanguswa vumbi kwa brashi laini, kisha kitambaa kikavu. Hautiwi maji, hauanikwi juani, wala haujaribiwi kuvutwa, kwani mti uliokauka huvunjika bila kuonya. Mishale ikiwa na sumu, ncha zisiguswe; sumu ile haifi upesi.

Vanishi sikuipaka. Uta umelazwa kabatini juu ya pamba, umelegezwa upote, na kile kipande cheupe kimeanza kugeuka rangi ya chai.