Kuli ya Adam Shafi na Mgomo wa 1948: Riwaya ya Gatini Ikisomwa Bara

Makala haya yanakusudia kujadili swali moja tu: je, mwanahistoria ana haki ya kuitumia riwaya ya Kuli, iliyotolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1979, kuwa ushahidi wa mgomo wa Unguja wa mwaka 1948? Swali hili limezoea kujibiwa kwa haraka. Wako wanaoisoma riwaya hiyo kana kwamba ni kumbukumbu za mahakama, na wako wanaoitupa kando kwa hoja kwamba ni hadithi tu. Tunaona kuwa pande zote mbili zimepotoka, ingawa hazikupotoka sawa.

Yafaa kwanza tumtazame mtunzi wa bahari nyingine. Hanna Mina (1924–2018), mzaliwa wa Latakia katika Syria, alikuwa mchukuzi bandarini na kinyozi kabla ya kuwa mwandishi wa magazeti na hatimaye mtunzi wa riwaya. Riwaya yake ya tanga na dhoruba, iliyotoka mwaka 1966, huihesabu Bahari ya Mediterania kuwa mhusika, wala si mandhari ya kupambia hadithi. Jina la kazi yake ya ujana, hammal, ndilo hamali yetu sisi, na Waturuki nao wanalo. Tofauti ni kwamba Mina aliubeba mzigo kwa mgongo wake mwenyewe. Adam Shafi alizaliwa mwaka 1940. Makuli wa Unguja walipogoma alikuwa mtoto wa miaka minane hivi. Kwa hiyo Kuli haiwezi kuwa ushahidi wa mtu aliyeshiriki. Ni masimulizi yaliyopokewa, yakakaa miaka thelathini, kisha yakaandikwa.

Na miaka hiyo thelathini haikuwa mitupu. Mgomo wenyewe ulianza kwa wafanyakazi wa bandari mwezi Agosti 1948, na Septemba ukawa mgomo mkuu wa mji. Gharama za maisha zilikuwa zimepanda wakati wa vita na baada yake, na mishahara haikuzifuata. Makuli wengi walikuwa watu waliotoka bara na kuishi Ng'ambo. Wala Unguja haikuwa peke yake: Mombasa ilikuwa imegoma Januari 1947, Dar es Salaam ikafuata Septemba mwaka huo huo, na ni vigumu kuamini kwamba habari hazikusafiri pamoja na shehena. Baina ya matukio hayo na kitabu yakaja Mapinduzi ya 1964, Azimio la Arusha la 1967, na kuuawa kwa Karume tarehe 7 Aprili 1972, mkasa uliomtia mwandishi mwenyewe kifungoni na baadaye ukamzalia riwaya ya Haini (2003).

Haya yote yamo katika Kuli, hata pale yasipotajwa. Rashidi, kijana wa kikuli, hafikii mgomo kwa njaa peke yake. Hufunguliwa macho na Faraji, ambaye humwonyesha kwamba dhiki yake si bahati mbaya ya mtu mmoja bali ni hali ya tabaka zima. Hapa, kwa maoni yetu, inasikika sauti ya miaka ya sabini kuliko ya 1948. Anthony Clayton alichapisha uchunguzi wake wa mgomo huo huko Uppsala mwaka 1976, na anayevisoma vitabu hivi viwili pamoja ataona kwamba riwaya imeupa mgomo unyoofu wa fikra ambao matukio yenyewe hayakuwa nao. Mwanahistoria asiyeliona hilo atajikuta akiinukuu itikadi ya zama moja kuwa habari za zama nyingine.

Lakini tusiishie hapo, maana udhaifu huo haugusi kitabu chote. Nyaraka za serikali huhesabu siku zilizopotea na shilingi zilizoongezwa. Hazituelezi gunia lina uzito gani kwa mtu aliyelala bila kula, wala jinsi wake na mama zao walivyoungoja ujira. Katika mambo hayo riwaya ndiyo shahidi mzuri zaidi, kwa sababu mtunzi hakuwa na haja ya kuyanyoosha ili yaifae hoja yake. Msamiati wa kazi ni ushahidi pia. Kuli, hamali, tishali, gati, bohari: kila neno limeingia kwa mlango wake, na kwa mpangilio wa maneno hayo mtafiti wa lugha anaweza kufuatilia nani alimwamuru nani.

Swali la mwisho ni la msomaji. Riwaya hii inasomwaje Ayany, katika Kibera, ambako bahari iko mbali kiasi cha kilomita mia nne na zaidi? (Jirani pana mtaa uitwao Fort Jesus, na jina la Ayany lenyewe ni lile lile la Samuel G. Ayany, aliyechapisha mwaka 1970 kitabu juu ya historia ya katiba ya Zanzibar. Nairobi ina namna yake ya kuukumbuka mwambao.) Msomaji wa hapa huenda asijue ngama ya meli. Hata hivyo anawajua wanaume wanaotoka Kibera alfajiri kwa miguu kwenda kusimama mbele ya malango ya viwanda, wakingoja kuchaguliwa. Neno kuli halitumiki kwao, wanaitwa vibarua. Na kibarua ni neno lililopanda kutoka pwani: katika Unguja ya karne ya 19 lilitumika kwa watumwa waliokodishwa kwa siku, waliokuwa wakigawana ujira huo na mabwana zao.