Neno "Shall" na Dai la Usahihi wa Kiingereza cha Sheria

Wanaopinga Kiswahili kutumika katika sheria na mahakama hutanguliza hoja ya usahihi. Kiingereza cha sheria, wanasema, kimenolewa kwa karne nyingi hadi kila neno likapata mpaka wake, ilhali Kiswahili bado kinapapasa. Uzito wa hoja hiyo umeongezeka tangu Sheria Na. 1 ya mwaka 2021 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama Tanzania. Makala haya yanaipima kwa neno moja, "shall", ambalo sheria za Kiingereza hulitegemea mno zinapoamuru. Ninadai kwamba neno hilo halina usahihi linaosifiwa nao, na kwamba Kiswahili kitaharibikiwa iwapo kitaurithi utata wake kwa njia ya tafsiri.

Kuhusu asili ya neno, wataalamu hawagombani. Katika Kiingereza cha kale lilihusu kudaiwa. Neno la Kijerumani la ukoo huohuo, "Schuld", hadi leo ni deni na ni hatia. Deni likazaa wajibu, wajibu ukazaa wakati ujao. Mwaka 1653 John Wallis aliandika kanuni kwamba katika nafsi ya kwanza "shall" hutabiri, na katika nafsi ya pili na ya tatu huahidi au hutishia. Wazungumzaji wengi wa leo hawaifuati kanuni hiyo.

Ugomvi unaanzia kwenye sheria. Humo neno hilohilo humtwika mtu wajibu, huanzisha chombo, hufafanua istilahi, hutoa haki na huweka sharti. Likikanushwa, mantiki yake hupinda: tukishika kwamba "shall" ni "ana wajibu", basi sentensi inayoanza kwa "no person shall" inatangaza kwamba hakuna mwenye wajibu, wakati mwandishi alikusudia kukataza. Wenye lugha wenyewe wameliona hilo. Katiba ya Afrika Kusini ya mwaka 1996 iliamuru kwa "must". Kanuni za mwenendo wa madai za mahakama za shirikisho za Marekani ziliondolewa "shall" zilipoandikwa upya mwaka 2007. Kabla ya hapo, mwaka 1995, Jaji Ruth Bader Ginsburg aliandika katika uamuzi wa Mahakama ya Juu ya nchi hiyo kwamba wanasheria wakati mwingine hulitumia neno hilo vibaya, hata pale wanapokusudia hiari.

Tanzania ilijaribu kulifunga neno hili kwa sheria. Kifungu cha 53 cha Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, kinasema "may" ni hiari na "shall" ni lazima. Ukikisoma kwa Kiingereza utaona kimelazimika kuazima "must" ili kueleza "shall" ina maana gani, na amri ya kuitafsiri hivyo kimeitoa kwa "shall" ileile. Hata baada ya hapo Mahakama ya Rufani imeamua kwamba "shall" ya Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai si lazima ya moja kwa moja. Kasoro isiyoleta dhuluma inaweza kusamehewa. Uamuzi huo una hekima, lakini hekima hiyo ni ya majaji. Neno halikuwapa.

Ushahidi mzito zaidi unatoka Kenya. Ibara ya 81(b) ya Katiba ya mwaka 2010 inataka, kwa "shall", wajumbe wa vyombo vya kuchaguliwa wasizidi theluthi mbili wa jinsia moja. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu iliombwa ushauri: je, matakwa hayo yanabana uchaguzi wa Machi 2013? Majaji walio wengi walijibu kwamba utekelezaji ungekuja hatua kwa hatua, wakaweka ukomo wa tarehe 27 Agosti 2015 kutunga sheria ya kuutekeleza. Walieleza kwamba "shall" huwa amri ya papo hapo pale tu jambo linapokuwa tayari kutekelezwa bila maandalizi zaidi, tena likiwa mikononi mwa mamlaka moja. Jaji Mkuu Willy Mutunga hakukubaliana nao. Kwake, amri ilikuwa ya kutimizwa katika uchaguzi uleule. Majaji wa mahakama moja walisoma neno moja katika ibara moja, wakaachana kwa zaidi ya miaka miwili.

Muda ukapita, sheria haikutungwa. Ibara ya 261(7) iliwekwa kwa hali kama hiyo. Ndani ya sentensi moja inatumia "shall" mara mbili: Jaji Mkuu amshauri Rais kuvunja Bunge, na Rais alivunje. Tarehe 21 Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga alitoa ushauri huo. Siku chache baadaye Mahakama Kuu ilisimamisha utekelezaji wake, na Bunge likaendelea hadi uchaguzi wa mwaka 2022. "Shall" ya kwanza ilitimizwa, ya pili haikutimizwa, na hakuna chochote katika sarufi kinachozitofautisha.

Itapingwa kwamba hayo ni mambo ya siasa, na kwamba hata "lazima" ingepuuzwa. Kuhusu ibara ya 261, ninakubali. Lakini kukubali huko kunaibomoa hoja ya usahihi: ikiwa nguvu ya amri inatoka kwa taasisi, Kiingereza hakina hirizi ambayo Kiswahili kimenyimwa. Kuhusu ibara ya 81 sikubali. Pale majaji hawakumpuuza yeyote. Walitafuta maana ya neno kwa bidii, na neno likawaruhusu kuachana. Wengine watataja wingi wa maamuzi ya mahakama yaliyolifafanua. Neno linalodai maamuzi mengi yanayopingana ili lieleweke haliwezi kuwa kielelezo cha usahihi.

Kiswahili kina sharti, lazima, wajibu, hana budi, anaweza, ana hiari na ni marufuku, na kila mzungumzaji hutambua tofauti zake. Tatizo ni kwamba waandishi wa sheria wamezoea kuitafsiri "shall" kwa kiambishi "-ta-" kila inapotokea. Ibara ya 62 ya Katiba ya Tanzania inaanzisha Bunge kwa "kutakuwa na", ingawa Bunge lipo. "Waziri atatangaza" inaweza kusomwa kama amri, ahadi au utabiri. Kenya inakabiliwa na ugumu zaidi, kwa kuwa ibara ya 259(2) inaipa nakala ya Kiingereza ushindi matoleo yanapotofautiana. Utata wa Kiingereza ndio unaohukumu.

Kwa hiyo wanaoandika na kutafsiri sheria wakifikia "shall" waulize kwanza inafanya kazi gani. Ikiwa wajibu, waandike "ni lazima" au "sharti". Ikiwa hiari, "anaweza". Ikiwa katazo, "hairuhusiwi". Ikiwa kuanzisha chombo, "inaanzishwa". Kiambishi "-ta-" kibaki kwa mambo yajayo. Na Bunge la Tanzania, litakapokirekebisha kifungu cha 53, liyataje maneno hayo ya Kiswahili na kuyapa maana yake kisheria.