Kipimo Kilichoganda



Mwaka 1732 mhandisi Mfaransa, Henri Pitot, alitumbukiza mrija uliopindwa katika mto Seine, mdomo wake ukiukabili mkondo. Maji yalipanda ndani ya mrija. Mkondo ulipokuwa na kasi zaidi, nayo yalipanda zaidi. Ndege zilipokuja karibu karne mbili baadaye, mrija huo ulifungwa kwenye bawa ili upime mkondo wa hewa, na mpaka leo unaitwa kwa jina lake. Historia yake ina somo kwa kila anayeongoza watu kwa kutazama namba.

Katika ndege ndogo mambo ni mepesi kueleweka. Mrija wa Pitot hupokea hewa inayosukumwa na mwendo wa ndege. Tundu jingine, ubavuni, hupokea hewa iliyotulia. Kipimo cha mwendo hulinganisha kanieneo za hewa hizo mbili. Wakati wa baridi, ndani ya mawingu, maji huganda mdomoni mwa mrija. Ikiwa kitundu cha kutolea maji kimebaki wazi, mshale hushuka hadi sifuri, na rubani hutambua mara moja kuwa kuna hitilafu. Hatari kubwa zaidi ni pale vyote viwili vinapoziba. Hewa iliyonaswa ndani haibadiliki, huku hewa ya nje ikipungua kanieneo kadiri ndege inavyopanda. Mshale nao hupanda, hata kama mwendo haujaongezeka.

Ndiyo maana marubani hufundishwa kuwasha hita ya mrija kabla ya kuingia mawinguni, na kipimo kikitiliwa shaka, wasikifuate. Huiweka injini katika nguvu inayojulikana na pua ya ndege katika mkao unaojulikana, kisha huuliza vipimo vingine. Likiziba tundu la ubavuni, hufungua njia ya akiba ya hewa. Katika ndege isiyo na njia hiyo, hufundishwa kuvunja kioo cha kipimo cha kasi ya kupanda ili hewa ya ndani iingie. Ni kusema kwamba kipimo kimoja hutolewa mhanga ili vingine viseme kweli.

Masharti hayo yanazihusu ndege kubwa pia. Jioni ya tarehe 1 Desemba 1974, Boeing 727 ya shirika la Northwest iliondoka New York kwenda Buffalo kuchukua timu ya mpira. Ndani yake walikuwamo wanaanga watatu tu. Hita za mirija hazikuwashwa. Ndege ilipopanda, vipimo vilionyesha mwendo ukiongezeka mno. Wanaanga walishangaa, lakini wakapata maelezo yaliyowaridhisha: ndege haina abiria, ni nyepesi. Wakainua pua ili kupunguza mwendo ambao haukuwapo. Onyo la kwamba mabawa yanakaribia kupoteza nguvu ya kuinua lilipotikisa usukani, walilidhania kuwa ni mtikisiko wa mwendo uliopita kiasi. Ndege iliporomoka karibu na Stony Point, na wote watatu wakafa.

Nawaomba mzingatie jambo moja. Kipimo cha rubani na cha msaidizi wake vilikuwa na mirija tofauti, na vilikubaliana. Kukubaliana huko ndiko kulikowathibitishia kosa. Walidhani wana mashahidi wawili, kumbe wote wawili walikuwa wamezibwa na barafu ile ile. Shahidi huru alikuwa kipimo cha mkao, kilichoonyesha pua ikiwa juu kupita kawaida.

Tarehe 13 Januari 1982, theluji ikianguka Washington, Boeing 737 ya Air Florida ilikimbia uwanjani ikiwa na barafu kwenye vipokezi vya injini. Kipimo cha msukumo kilisoma 2.04, ilhali msukumo halisi ulikuwa karibu 1.70. Msaidizi, ambaye ndiye aliyekuwa akiirusha, alisema zaidi ya mara moja kwamba mambo hayako sawa. Mkuu wake alimjibu kuwa yako sawa. Msaidizi hakushikilia neno lake, na safari haikusitishwa. Ndege iligonga daraja na kutumbukia mto Potomac. Watu 78 walikufa, wanne kati yao wakiwa darajani. Ajali hiyo ikawa mfano unaotajwa mara kwa mara katika mafunzo yanayomtaka mdogo aseme na mkubwa asikilize.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu ya aibu yangu mwenyewe. Miaka michache iliyopita niliketi katika kamati iliyopitia mradi wa maji wa vijiji kadhaa. Tulikuwa na taarifa mbili, ya watekelezaji na ya wakaguzi, na idadi ya mabomba yanayotoa maji ilikuwa ile ile katika zote mbili. Kijana mmoja, mdogo kuliko sote kwa cheo, alisema kijijini kwao kina mama bado wanachota mtoni. Mwenyekiti alimwambia kwamba taarifa mbili haziwezi kukosea pamoja. Nami nilinyamaza, kisha nikatia sahihi. Baadaye tulibaini kuwa wakaguzi hawakufika vijijini. Walinakili daftari la watekelezaji.

Sisemi kwamba tuzitupe namba. Rubani aliye mawinguni bila vipimo hupotea upesi kuliko mwenye kipimo kimoja kibovu. Nasema tuulize namba imepitia mrija gani, na kama shahidi wa pili ameona kwa macho yake au amenakili. Na ninyi watumishi wa umma mnaoketi mwisho wa meza, mkiona pua iko juu huku mshale ukisifu mwendo, semeni, na mkipuuzwa semeni tena. Sisi tunaoketi mbele tuna wajibu mzito zaidi: kusimamisha safari na kwenda kutazama. Yule kijana nilimwomba radhi, lakini kina mama wa kijijini kwao walichota mtoni kwa mwaka mzima zaidi baada ya sahihi yangu.