Miaka 25 ya KIXP: kituo kilichozimwa kikiwa na wiki mbili

Novemba 2025 ilitimia miaka 25 tangu watoa huduma za intaneti wa Kenya wawashe KIXP, kituo cha Nairobi ambako mitandao yao hukutana na kubadilishana data. Kituo hicho nusura kife kikiwa kichanga.

Kabla yake, barua pepe ya kampuni moja ya Nairobi kwenda kwa jirani wa mtaa wa pili ilipanda satelaiti, ikatua Ulaya au Marekani, kisha ikarudi kwa njia ileile ya angani. Mitambo haikuwa na kosa. Itifaki ya BGP, ambayo Kirk Lougheed na Yakov Rekhter waliichora kwenye karatasi za mezani wakati wa mlo mwaka 1989, huziwezesha ruta za mtandao mmoja kutangazia mitandao jirani njia zinazozijua. Mitandao ya Nairobi haikuwa imepakana. Majirani zake walikuwa ng'ambo, na kila safari ya kuwafikia ililipiwa kwa dola.

TESPOK, chama cha watoa huduma hao, kikaipakanisha. Telkom Kenya, iliyokuwa na ukiritimba wa mawasiliano ya kimataifa, ikalalamika kwa Tume ya Mawasiliano, CCK, kwamba haki yake imevunjwa. Haikupita muda, kama wiki mbili hivi, CCK ikaamuru kituo kizimwe kwa kukosa leseni. TESPOK wakakata rufaa. Data inayotoka Nairobi na kuishia Nairobi, walisema, si ya kimataifa. Inayokwenda nje itaendelea kupita kwa Telkom. Tena kituo ni cha wanachama peke yao, jambo ambalo sheria iliruhusu. Telkom haikulegeza kamba, kwani iliona mapato ya laini zake yakiponyoka. Kwa maoni yangu, ilikuwa ikiwatoza Wakenya kwa kuzungumza wenyewe kwa wenyewe. Mvutano ulikula karibu mwaka mzima. Leseni ikatoka Novemba 2001, na Februari 2002 kituo kikawashwa upya. Safari ya data ya kwenda na kurudi, iliyozidi sekunde nzima, ikashuka chini ya sehemu ya kumi ya sekunde.

Mwaka 2009 nyaya za baharini zikafika Mombasa, na baadaye mji huo nao ukapata kituo chake.

Hata hivyo, tovuti nyingi za Kenya bado zinakaa kwenye seva za ng'ambo. Wenye tovuti, na ofisi za umma kwanza, zirudisheni nyumbani. Njia ipo, na waliopigania rufaa ile hawakuipigania ipitwe.