Jina na Kazi: Historia ya Jeni ya Kristalini-zeta na Funzo Lake kwa Istilahi za Kiswahili za Tiba ya Macho

1.0 Utangulizi

Jeni ya binadamu iitwayo CRYZ, iliyomo katika kromosomu namba 1, imepewa jina la protini ya lenzi ya jicho. Hata hivyo, katika lenzi ya binadamu protini hiyo hupatikana kwa kiasi kidogo tu, kinacholingana na kile cha vimeng'enya vya kawaida. Makala haya yanafuatilia asili ya jina hilo na kudai kuwa ni kumbukumbu ya mahali protini ilikoonekana kwanza, wala si maelezo ya kazi yake. Hoja hii ina uzito kwa waandishi wa elimu ya afya kwa Kiswahili, kwani habari zao huwafikia hata wazee wa Sola, mkoani Simiyu, wanaopoteza uwezo wa kuona kutokana na mtoto wa jicho.

2.0 Kutoka Lenzi hadi Kimeng'enya

Mwaka 1894 Carl Mörner wa Sweden aliainisha protini za lenzi na kuzitaja kristalini za alfa na beta. Kwa miongo mingi kristalini zilichukuliwa kuwa mfano wa matofali: protini zilizosongamana ili kuipa lenzi uangavu na uwezo wa kupinda mwanga. Mtazamo huo ulitikisika mwaka 1987, Graeme Wistow na wenzake walipoonyesha kuwa kristalini-epsiloni ya bata ni kimeng'enya kiitwacho laktati dehidrojenasi.

Mwaka huohuo watafiti wa Marekani waliitambua kristalini-zeta katika lenzi ya simbilisi, ambamo ni takribani asilimia 10 ya protini zinazoyeyuka. Mwaka 1991 ilibainika kuwa protini hiyo imesheheni pia katika lenzi ya ngamia wa nundu moja, mnyama anayefugwa kaskazini mwa Kenya na Somalia. Mwaka 1992 ilithibitishwa kuwa ni kimeng'enya kinachohamisha elektroni kutoka NADPH hadi kwinoni. Mwaka huo pia ilielezwa kuwa simbilisi wa ukoo fulani huzaliwa na mtoto wa jicho kwa sababu kristalini-zeta yao imepungukiwa asidi amino 34.

3.0 Jeni ya Binadamu

Ushahidi wa simbilisi ungeweza kumshawishi mtu aamini kwamba CRYZ ndiyo chanzo cha mtoto wa jicho kwa binadamu. Historia ya ugunduzi inatahadharisha. Mwaka 1993 nakala ya jeni ya binadamu ilipatikana kutoka katika ini, si katika jicho. Mwaka 2001 utafiti wa figo ulionyesha kuwa protini hiyo hujishikiza pia kwenye RNA ya kimeng'enya kingine, glutaminasi. Kwa upande mwingine, mabadiliko yaliyothibitishwa kusababisha mtoto wa jicho wa kurithi kwa binadamu yamo, miongoni mwa jeni nyingine, katika zile za kristalini za alfa, beta na gama. Kwa hiyo, kilicho nguzo ya lenzi ya simbilisi na ngamia ni kimeng'enya cha kawaida tu katika lenzi ya binadamu.

4.0 Athari kwa Istilahi

Simiyu, mkoa uliomegwa kutoka Shinyanga mwaka 2012 na kufanya Bariadi makao makuu yake, ni sehemu ya Usukuma. Kwa wakazi wengi Kisukuma ni lugha ya nyumbani, na Kiswahili ni lugha ya zahanati. Istilahi yenye kosa huvuka basi daraja mbili: kutoka maabara hadi Kiswahili, kisha kutoka Kiswahili hadi Kisukuma. Tafsiri ya “jeni ya lenzi” ingemfanya mgonjwa aamini kuwa ugonjwa wake ni wa ukoo na hauna tiba, ilhali upasuaji wa kuondoa lenzi yenye ukungu na kuweka ya bandia unaweza kumrejeshea uwezo wa kuona.

5.0 Hitimisho

Historia ya CRYZ inaonyesha kuwa jina la kisayansi linaweza kudumu hata baada ya maarifa yaliyolizaa kupanuka. Makala haya yanapendekeza alama CRYZ ibaki, lakini ufafanuzi wake kwa Kiswahili uwe “jeni ya kimeng'enya cha kwinoni, iliyoitwa kwa jina la protini ya lenzi ya simbilisi”. Ufafanuzi huo ni mrefu, lakini haumpotoshi mgonjwa.