Uwakilishi wa Kisheria wa Kujitolea kwa Wahamiaji Wanaokabiliwa na Kuondoshwa Nchini Marekani

Uwakilishi wa kisheria wa kujitolea ni utetezi unaotolewa bila malipo kwa mtu asiyemudu gharama za wakili. Nchini Marekani, kwa wahamiaji wengi wanaokabiliwa na kuondoshwa nchini, hiyo ndiyo njia pekee ya kupata mtetezi.

Msingi wa kisheria

Mtuhumiwa wa kosa kubwa la jinai asiye na uwezo hupewa wakili na Serikali, kufuatia uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani wa mwaka 1963 katika shauri la Gideon. Shauri la kuondoshwa nchini, hata hivyo, huhesabiwa kuwa la madai. Sheria ya Uhamiaji na Uraia ya mwaka 1952 inampa mhamiaji haki ya kuwakilishwa, lakini si kwa gharama ya Serikali.

Utafiti wa Ingrid Eagly na Steven Shafer, uliochapishwa mwaka 2015, ulichambua mashauri zaidi ya milioni 1.2 yaliyoamuliwa kati ya mwaka 2007 na 2012. Ulibaini kuwa asilimia 37 tu ya wahamiaji walikuwa na wakili; kwa waliokuwa kizuizini, ni asilimia 14.

Watoa huduma

Huduma hiyo hutolewa na mawakili binafsi, wanafunzi wa sheria walio chini ya usimamizi, na wawakilishi wa asasi zisizo za kiserikali walioidhinishwa na Wizara ya Sheria. Humsaidia mhamiaji kuomba dhamana au hifadhi, kukusanya ushahidi na kukata rufaa. Jaji wa uhamiaji hutakiwa kumjulisha mhusika kuhusu huduma hizo, na orodha ya watoaji hutolewa bila malipo.

Mambo ya kuzingatia

Mtoa huduma halazimiki kupokea kila shauri, hivyo ni muhimu kumtafuta mapema. Kukosa wakili si sababu ya kutohudhuria shauri: asiyefika anaweza kutolewa amri ya kuondoshwa bila kuwapo. Aidha, nchini humo mthibitishaji wa nyaraka si wakili, na haruhusiwi kutoa ushauri wa kisheria.

Kwa mujibu wa Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 kuhusu Uhusiano wa Kikonseli, raia wa kigeni aliyezuiliwa ana haki ya kuomba ubalozi wake ujulishwe. Ofisa wa ubalozi anaweza kumtembelea na kumsaidia kupata uwakilishi wa kisheria.